Springi za Kuazima: Taarikhi ya Ufundi wa Magurudumu Katika Nchi ya Mpanda

Katika matayarisho ya safari yake ya mwaka 1871 ya kumtafuta Daktari David Livingstone, Henry Morton Stanley alitengenezesha gari dogo la kuvutwa kwa mikono, lenye upana wa inchi 18 na urefu wa futi 5, ambalo magurudumu yake mawili hayakuundwa kwa ajili yake, bali yalikuwa magurudumu ya mbele ya gari jepesi la farasi la Kimarekani. Na nia yake ilikuwa kwamba chombo hicho chembamba kipite katika vijia vya misafara na kubeba masanduku ya risasi, ambayo kwa desturi yalikaa juu ya mabega ya wapagazi. Fikira ile ilikuwa njema, lakini njia haikuikubali. Kabla msafara haujafika Ugogo, baada ya matope na mito mingi, mpagazi mmoja mwenye nguvu alionekana akiingia kambini na gari lile kichwani, magurudumu, ekseli, mikono na bodi yake nzima, kwa kuwa aliona kulibeba ni kwepesi kuliko kulivuta. Na Stanley, alipolitazama jambo hilo, aliamuru gari lisukumwe ndani ya matete marefu na kuachwa humo. Msafara wake ulipoepuka vita vya Mtemi Mirambo na kuzunguka kusini ya Tabora, ulipita Ukonongo, nchi ambayo sehemu yake kubwa leo imo katika Mkoa wa Katavi, ukiwa hauna gurudumu hata moja.

Wasomaji wengi huipita habari hiyo kama kisa kidogo cha msafiri. Mimi naihesabu kuwa ukurasa wa kwanza wa taarikhi ya sanaa moja iliyopata maskani katika nchi ya Mpanda, nayo ni sanaa ya kutoa springi, shokapu, ekseli au gurudumu katika chombo kimoja na kuvitia katika chombo kingine, ili chombo hicho kifae kwa mzigo na njia ambazo mwundaji wake wa ng'ambo hakuziwazia. Apitaye Kakese wakati wa mavuno, kata ile ya Manispaa ya Mpanda inayosifika kwa mpunga, hukutana na matunda ya sanaa hiyo barabarani: pikipiki yenye shokapu zisizo zake, guta la magurudumu matatu lililoongezwa chuma cha springi kilichotoka katika gari jingine, mkokoteni wa ng'ombe uliokaa juu ya ekseli ya pikapu iliyokwisha umri wake. Gari la Stanley halikushindwa kwa sababu magurudumu yake yalikuwa ya kuazima. Lilishindwa kwa sababu aliyeyatia hakuijua njia, ilhali mafundi wa Mpanda waliijua njia kwanza, ndipo wakakijua chuma. Na nitakalolisema katika insha hii yote ni hilo, kwamba kazi yao ni elimu ya vipimo, yenye asili na silsila, wala haistahili kudharauliwa kuwa ni kubahatisha kwa watu wasio na fedha.

Yafaa kwanza tueleze kwa nini gurudumu lilichelewa kufika. Katika nchi nyingi za ulimwengu gurudumu lilitangulia mashine kwa karne nyingi, maadamu mnyama wa kulivuta alikuwapo. Lakini misitu ya miombo iliyotanda kutoka Unyamwezi hadi mwambao wa Ziwa Tanganyika ilikuwa milki ya mbung'o, na ng'ombe, farasi na punda walioingia humo aghalabu hawakutoka. Kwa ajili hiyo uchukuzi wote, wa pembe, wa chumvi, wa nguo na wa shaba, ulikuwa juu ya mwili wa mwanadamu, na mpagazi wa Kinyamwezi, aliyebeba ratili 60 hadi 70 kutoka ziwani hadi pwani, alikuwa ndiye gari, ndiye ekseli na ndiye springi. Usidhani, msomaji, kuwa nchi ilikosa chuma. Kusini yake tu, Ufipa, wahunzi walisimamisha malungu, matanuri marefu ya udongo kupita kimo cha mtu, ambayo yalivuta hewa yenyewe bila mivukuto na kuyeyusha mawe hata yakatoa chuma, kisha chuma hicho kikasafishwa katika tanuri dogo na kufuliwa kuwa jembe. Na jembe la Ufipa lilikuwa mali, lilikuwa mahari, lilikuwa bidhaa ya kubadilishana na majirani. Sanaa hiyo ilidhoofika na hatimaye kufa katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, jembe la ng'ambo lilipojaa madukani kwa bei ambayo mwenye lungu hakuiweza. Lakini nyundo na fuawe hazikufa pamoja na lungu, na baadaye tutaona chuma gani kiliingia mahali pa kile cha mawe.

Reli ya Kati, ambayo Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ikaiacha Mpanda mbali upande wa kusini. Iliyoileta reli Mpanda ni madini ya risasi, yaliyochanganyika na fedha, shaba na dhahabu, ambayo Kampuni ya Uruwira Minerals iliyachimba baada ya Vita Kuu ya Pili. Na kwa ajili ya kuyasafirisha, njia ya tawi ilikatwa kutoka Kaliua kupitia pori kwa urefu wa takriban kilomita 210, ikafunguliwa mwaka 1950. Mgodi ulifungwa mwaka 1960. Ulidumu muda mfupi katika umri wa nchi, lakini mgodi hauwezi kwenda bila karakana, na karakana haiwezi kwenda bila watu wa kuchomelea, wa kukereza, wa kupima kwa kalipa na wa kufungua mashine na kuifunga tena. Basi kwa miaka hiyo kumi kijiji cha porini kilikuwa mahali ambapo kijana aliyezaliwa katika zama za wapagazi wa mwisho angeweza kuona kwa macho yake chuma kikipimwa hadi sehemu za elfu za inchi. Madini yalipokwisha kuwa na faida, reli ilibaki, na Mpanda ikawa mji wa mwisho wa reli, yaani mji ambao kila kitu chenye nati na bolti huufikia kikiwa kimechoka, na kisipotengenezwa hapo hakuna pa kukipeleka mbele.

Chombo cha kwanza cha magurudumu kilichokuwa mali ya mwananchi wa kawaida kilikuwa baiskeli. Raleigh ya Nottingham ilitangulia, zikafuata Phoenix za Shanghai na baiskeli za Kihindi, na baadaye Swala, zilizotoka katika kiwanda cha Dar es Salaam. Zote zilikuwa ndugu kwa sura, nzito, nyeusi, zenye breki za vyuma, na zote hazikuwa na springi ila zile mbili chini ya tandiko. Hapo ndipo fundi alipojifunza somo lake la kwanza, kwamba vitu vinavyofanana kwa macho si lazima vifanane kwa kipimo. Raleigh walikuwa na hesabu yao wenyewe ya nyuzi za bolti, 26 katika inchi moja, ilhali kawaida ya watengenezaji wengine ilikuwa 24. Na mtu aliyeutia uma wa baiskeli nyingine katika fremu ya Raleigh akaikaza nati ya Raleigh juu yake kwa nguvu za mkono, aliona nati inaingia kwa mizunguko miwili au mitatu, kisha inazila nyuzi, na siku ya gunia la mahindi uma ukachomoka. Fundi aliyelijua jambo hilo aliuhamisha uma pamoja na vikombe, nati na golori zake zote, asichanganye jamaa mbili. Kanuni hiyo, kwamba ukihamisha kiungo uhamishe na vile vilivyozaliwa nacho, ndiyo mama wa kanuni zote zilizofuata. Na maadamu mzigo wa baiskeli ulikuwa mara mbili au tatu ya mzigo aliouwazia mwundaji, waliongeza nondo pembeni mwa uma, wakasuka keria kwa chuma cha ujenzi, wakabadili spoku kwa zilizo nene zaidi.

Malori na Land Rover yalikuja na springi zenyewe, nazo ni za vyuma bapa vilivyopangwa tabaka juu ya tabaka, kirefu juu na vifupi chini yake, namna ambayo Obadiah Elliott wa London aliipatia hataza mwanzoni mwa karne ya 19 kwa ajili ya magari ya farasi. Ilikuwa bahati njema kwa Mpanda kwamba chombo cha zama hizo kilikuwa na springi ya namna hiyo, kwa kuwa hakuna kiungo cha gari kinachomwitikia fundi mnyenyekevu kama hicho: hufunguka kwa bolti moja ya katikati, kila tabaka husimama peke yake, lililovunjika hutolewa na lililo zima hutiwa, na lori la Bedford laweza kulikopesha lori la Leyland iwapo upana wa chuma ni mmoja. Land Rover, ambayo ilionyeshwa kwa ulimwengu mara ya kwanza Amsterdam mwezi wa Aprili 1948, ilikuwa na siri yake, kwamba springi za upande wa dereva hazikuwa sawa na za upande wa pili, kwa kuwa uzito wa pande hizo ulikuwa tafauti. Aliyezichanganya alipata gari lililoegama kama mtu mwenye mguu mmoja mfupi, na abiria hawakukosa kumwambia.

Lakini haja ilipokuwa kubwa, sanaa ilikomaa. Bei ya mafuta ilipanda mwaka 1973. Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 vilikula hazina. Fedha za kigeni zikaadimika hata serikali ikazuia magari binafsi yasiende Jumapili alasiri, na spea ikawa kitu cha kusubiriwa kwa miezi. Katika miji ya pwani mtu aliweza angalau kungoja meli. Mwisho wa reli hapakuwa na meli wala dalili yake, na mazao ya Katumba na Mishamo, makazi ya wakimbizi wa Burundi yaliyofunguliwa katika miaka ya 1970 na kugeuka kuwa mashamba makubwa, yalihitaji kutoka. Kwa hiyo kila gari lililolala juu ya magogo lilikuwa ghala la magari yaliyokuwa bado yanakwenda, na zile karakana zisizo na kibao wala leseni, ambazo watu wameziita gereji bubu, zilikuwa na daftari moja tu, nalo lilikuwa kichwa cha fundi: alijua kwamba tabaka la tatu la springi za nyuma za lori fulani, likikatwa ncha zake, hukaa chini ya springi ya Land Rover, alijua kwamba bushi ya shaba ya pampu ya maji iliyokufa, ikikerezwa, huziba tundu la sikio la springi lililolika, na alijua pia mambo ambayo hayafai kufanywa. Chuma cha springi kina ugumu wake uliotiwa kwa moto na kuzimwa kwa mafuta kiwandani, na mtu akikikata katikati kwa mwali wa gesi, au akakichomelea, ule ugumu hutoweka mahali pale na chuma hubaki kama chuma cha mlango. Kwa sababu hiyo mafundi wenye adabu ya kazi hukata ncha tu, mahali ambapo nguvu ni kidogo, na tundu la katikati hulitoboa polepole kwa keekee, wasilifungue kwa moto.

Na hapa ndipo nyundo ya Ufipa inaporudi katika habari yetu. Tabaka la springi lililovunjika vipande vifupi, lisilofaa tena kwa gari lolote, halikutupwa, bali liliuzwa kwa mhunzi, ambaye alilipasha moto na kulifua kuwa panga, shoka na mundu wa kuvunia mpunga. Babu za wahunzi hao waliyeyusha mawe. Wajukuu wakakifua chuma cha Uingereza na Japani. Mtu anayekata suke Kakese kwa mundu wa namna hiyo ameshika mkononi chuma ambacho pengine kilibeba lori la pamba Shinyanga, na mimi sijaona katika makumbusho yoyote ya nchi hii mahali palipotengwa kuielezea silsila hiyo, jambo linalonihuzunisha.

Kwa mikokoteni ya ng'ombe sitakawia. Wasukuma walipohamia nchi za Mpanda na bonde la Rukwa pamoja na mifugo yao, na msitu ulipofyekwa na mbung'o kurudi nyuma, ng'ombe alipata kuishi mahali ambapo zamani asingeishi, na ekseli za magari makuukuu, pamoja na rimu na beringi zake, zikapata kazi ya pili chini ya bodi za mbao. Hivyo Mpanda ilipita njia kinyume cha ulimwengu: huko mnyama alitangulia motokaa, na hapa motokaa lililokufa ndilo lililomletea mnyama gurudumu.

Mwaka 1984 serikali ilipowaruhusu watu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, njaa ya spea ilianza kupoa. Na kuanzia miaka ya 2000 pikipiki za Kichina, na baadaye Boxer na TVS za Kihindi, ziliingia kwa wingi ambao haujapata kuonekana, hata mwaka 2010 zikatungwa kanuni za kuzipa leseni pikipiki na bajaji za kuchukua abiria kwa malipo. Lipo jambo katika pikipiki hizi za Kichina ambalo wanaozipanda hawalijui, lakini fundi hulijua vema, nalo ni nasaba yao. Honda ilipotoa CG125 katikati ya miaka ya 1970, ilikusudia chombo cha nchi ambazo matengenezo ni haba, ikakipa injini sahili isiyodai mafuta kubadilishwa mara kwa mara. Viwanda vingi vya China vikaichukua sura hiyo na kuizalisha kwa majina mengi, na kwa hiyo pikipiki kumi zenye majina kumi hufunguliwa kwa spana zile zile, na kiungo cha moja hukubaliwa na nyingine kama ndugu wa baba mmoja. Hata guta, ile pikipiki ya magurudumu matatu yenye bodi ya mizigo nyuma, ni la ukoo huo huo kuanzia injini hadi usukani, ila kutoka kiunoni kwenda nyuma ni gari: lina chesesi, lina propela, lina difu, na lina springi za tabaka kama za lori dogo.

Basi njoo sasa Kakese, mvua zikiwa zimekwisha na mpunga uko majarubani. Udongo wa mabonde ni mfinyanzi, ambao ukilowa hunasa na ukikauka huwa mawimbi magumu kama matofali. Njia za kutokea shambani hadi barabara kubwa hazikuchongwa na mhandisi bali na magurudumu yenyewe. Na gunia la mpunga ni zito. Boxer iliyoundwa kubeba watu wawili huchukua magunia mawili na mwenye nayo. Shokapu zake za nyuma hushuka hadi mwisho, chuma hugonga chuma, na baada ya msimu mmoja mafuta yamevuja na springi imekaa. Mwenye pikipiki hamwambii fundi, nipe zile zile mpya, maana ameona mwisho wa zile zile. Humwambia, fundi, nitafutie ngumu zaidi.

Nimesimama kando ya kazi kama hiyo chini ya mwembe, nikamsikia fundi wa makamo akimwambia kijana wake, aliyekuwa amekwisha kushika spana, "Mwanangu, weka hiyo chini kwanza. Umepima?" Kijana akajibu, "Zinaingia, fundi." Naye akamwambia, "Kuingia si kupima." Kisha akachukua shokapu ya zamani na ile ya kuazima, akazilaza sambamba juu ya gunia tupu, akapitisha bolti katika matundu ya juu ya zote mbili, na kumwonyesha kwamba matundu ya chini hayakukutana: ile ya kuazima ilikuwa ndefu kwa upana wa kidole. Upana huo wa kidole, ambao mpita njia asingeuona, ndio uliokuwa somo zima. Shokapu ikizidi urefu, nyuma ya pikipiki hunyanyuka, uma wa mbele husimama wima zaidi, na usukani huwa mwepesi kupita kiasi, hata pikipiki isiyo na mzigo huyumba katika changarawe. Tena mkono unaobeba gurudumu la nyuma huning'inia chini kuliko ilivyokusudiwa, mnyororo ukaanza kuusugua mkono wenyewe, na ule urefu wa mnyororo uliokazwa pikipiki ikiwa tupu si ule utakaokuwapo magunia yakipanda. Ikiwa fupi, tairi hugusa madigadi. Na tundu likiwa pana kuliko bolti, haifai kuzungushia waya au kipande cha kopo, kama wafanyavyo wenye haraka, kwa kuwa bolti itacheza, na bolti inayocheza hukatika. Hukerezwa bushi, ikaingia kwa kugongwa taratibu. Fundi yule alizikataa shokapu zile. Kijana alitumwa kutafuta nyingine za urefu ule ule, ngumu zaidi kwa unene wa waya wa springi, na kazi ikaanza alasiri.

Kwa guta mambo ni mazito zaidi, na hapo ndipo nimeona ustadi wa juu pamoja na makosa ya kuhuzunisha. Springi ya pikapu huwa ndefu na pana kuliko ya guta. Na lililo la hatari si urefu wenyewe, bali mahali ilipo bolti ya katikati, kwa kuwa bolti hiyo ndiyo inayoishika ekseli mahali pake. Ikiwa imekaa nyuma kidogo kuliko ilivyokuwa katika springi ya asili, ekseli nzima hurudi nyuma, propela huvutwa kutoka katika mshiko wake, na siku ya shimo kubwa huchomoka ikaanguka barabarani. Mafundi wema hutoboa tundu jipya katika kila tabaka ili ekseli irudi mahali pake, na hutia sheko ndefu zaidi ili springi ipate nafasi ya kujinyoosha. Jambo la pili wanalolijua, na ambalo matajiri wa mizigo hawapendi kulisikia, ni kwamba springi ngumu haiondoi pigo la njia, hulihamisha. Pigo ambalo springi imekataa kulipokea huingia katika chesesi, na chesesi ya guta ni bomba jembamba, hupasuka penye kulehemu. Kwa hiyo aongezaye tabaka mbili katika springi sharti aimarishe na chesesi, na akishaimarisha chesesi sharti atazame breki, maana breki za chombo hicho zilihesabiwa kwa mzigo wake wa kwanza. Huo ndio mnyororo wa wajibu ambao humtenga fundi na mbabaishaji.

Wala asidhani mtu kuwa haja hii ni ya nchi yetu pekee. Goma, upande wa mashariki wa Kongo, chukudu, chombo cha mbao kinachobeba magunia mteremkoni, nyingine hutiwa springi mbele. Na huko Marekani na Ulaya, ambako watu hununua pikipiki za magurudumu manne kwa michezo, ufundi huu huu umekuwa shauku ya maelfu ya watu. Honda ilitoa mwaka 1970 pikipiki ya magurudumu matatu isiyo na springi hata moja, ikitegemea tairi zake nene zenye upepo mdogo; Suzuki ikatoa ya magurudumu manne, QuadRunner, katika mwaka 1982; na ya matatu ilipoonekana kupinduka mno, watengenezaji walikubaliana na serikali ya Marekani mwaka 1988 wasiiuze tena huko. Wapenzi wa zile za manne hutoa shokapu za mbele za Honda TRX450R wakazitia katika TRX400EX iliyo nzee zaidi, kwa sababu ni bora. Nao hukutana na mambo yale yale ya chini ya mwembe: urefu wa tundu hadi tundu, unene wa bolti, na kwamba aliyebadili mikono ya mbele kwa ile mirefu asibakize vyuma vya usukani vile vifupi, kwani magurudumu yatageuka yenyewe kila yanapopanda na kushuka. Tafauti ni kwamba wao wanaandika. Kila kipimo kimewekwa, mtu wa jimbo jingine akakisoma, akaongeza chake, na baada ya miaka michache ufundi wa mtu mmoja umekuwa elimu ya wote.

Najua lipo neno la wale wasemao kwamba chombo kibaki kama kilivyotoka kiwandani, na kwamba kila badiliko ni hatari. Nalikubali kwa sehemu, maana nimekwisha kutaja propela iliyoanguka na chesesi iliyopasuka, na barabarani hapachezewi roho za watu. Lakini hukumu yangu ni kwamba chombo kilichobaki kama kilivyotoka kiwandani, kikiwa na magunia ya Kakese juu yake, kina hatari zaidi kuliko kilichobadilishwa na mtu anayejua, kwa kuwa kiwanda hakikuuona mfinyanzi wa Kakese wala hakikuupima mzigo wake. Kiwanda kilianza kazi. Fundi wa Mpanda huimaliza. Anayestahili kuzuiwa ni mbabaishaji, na hakuna njia ya kumtambua mbabaishaji iwapo elimu ya fundi wa kweli haijaandikwa popote.

Nchi hii ina Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, na umekuwapo mpango wa kurasimisha ujuzi wa watu waliojifunza kazini bila kupita chuoni. Mpango huo humpa fundi cheti, nami naushukuru. Lakini kumpa mtu cheti ni nusu ya kazi, ikiwa vipimo alivyovigundua kwa miaka 30 vitazikwa pamoja naye. Nawaomba walimu wa ufundi wa Katavi wawatume wanafunzi wao, kabla ya msimu mwingine wa mavuno, wakae katika gereji za Kakese na Mpanda mjini, wakiwa na daftari na kalipa, waandike ni shokapu ya chombo gani imeingia katika chombo gani, kwa urefu gani, kwa bushi ya kipimo gani, kwa mzigo wa kilo ngapi, na ni ipi iliyokataliwa na kwa sababu gani. Nanyi vijana mliomo katika kazi hiyo, msiwangoje. Nunueni daftari leo, na kipimo cha kwanza mtakachokichukua asubuhi kiandikeni pamoja na tarehe yake.